Siku ya Familia Ngorongoro: Mtoto Afunzwe Sababu za Anayoyaona

Jamaa wengi wanaowachukua watoto wao kwenda Ngorongoro huteremka kretani wakiwa na orodha ya wanyama watano mashuhuri, yaani simba, chui, tembo, nyati na faru, na mchana kutwa huupitisha katika kuyafuata magari ya wengine kutoka pembe hii hadi ile, ili jioni waweze kusema kuwa wamewaona wote. Furaha ya kumwona simba ni ya halali, wala simnyimi mtu. Walakini mtoto aliyepewa majina ya wanyama asipewe na sababu za maisha yao amepata kitu haba, hali ya kuwa hapo Ngorongoro, kuliko mahali pengi katika Afrika Mashariki, sababu hizo zimekaa dhahiri mbele ya macho ya kila mwenye kuuliza.

Asili ya yote ni umbo la nchi yenyewe. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita palisimama hapo mlima mkubwa wa volkeno, ambao, baada ya kuimwaga nje lava iliyokuwa tumboni mwake, ulibaki na uwazi chini yake, na kilele chake kikaporomoka ndani kama dari ya nyumba iliyoondolewa nguzo. Kilichosalia, ndiyo kreta yenyewe, ni ukuta wa duara wenye kimo cha mita 600 hivi, umeuzunguka uwanda wa takribani kilomita za mraba 260. Ukingo wa juu umepita mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi zikiwa zimejaa unyevu hulazimika kuupanda, zikapoa, zikaangusha mvua na ukungu juu ya misitu ya upande wa mashariki. Misitu huyapokea maji hayo, huyahifadhi, kisha huyatoa kwa taratibu yakawa vijito na chemchemi zinazoushukia uwanda. Ndiyo sababu mzazi hana budi kuwavika watoto nguo nzito alfajiri, ijapokuwa adhuhuri watalivua kila koti. Na ndiyo sababu vilevile nyumbu wengi wa kretani hawana haja ya ile safari ndefu ya kila mwaka ya wenzao wa Serengeti, maana maji na malisho yao hayakatiki kwa mwaka mzima.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na magari yote sharti yawe yamekwisha kupanda ifikapo saa 12 jioni. Basi atangulie mwenye kutaka faida, kwa kuwa wanyama wawindao hutembea wakati wa baridi, na jua likipanda hujilalia. Chini uwandani, gari na lisimame mbele ya kundi la kwanza la malisho, hata kama kundi hilo ni la pundamilia na nyumbu tu. Mtoto aulizwe ni kwa nini hawagombani kwa ajili ya nyasi. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, na kwa kuwa hacheui, chakula hupita upesi tumboni mwake, hata aweza kuyakata mashina marefu na magumu na kuishi kwa wingi wake. Nyumbu, ambaye hucheua, huyapendelea majani mafupi yaliyofunuliwa na pundamilia. Na swala tomi, mwenye kinywa chembamba, huja nyuma yao akachagua machipukizi laini. Kila mmoja humtengenezea mwenziwe meza pasipo kujua. Ikiwa ni mwezi wa Februari au karibu yake, wataona pia ndama wa nyumbu wamezaliwa kwa maelfu katika majuma machache tu, na hikima yake ni hii, kwamba maadui hawawezi kuwala wote kwa mara moja, na ndama mwenyewe husimama na kukimbia kabla dakika nyingi hazijapita.

Hapana mnyama aliyedhulumiwa na masimulizi yetu kama fisi. Katika ngano tulizolelewa nazo yeye ni mlafi, mwoga na mpumbavu anayesubiri makombo ya simba. Mnamo miaka ya 1960 mtaalamu Hans Kruuk aliwafuatilia fisi wa madoa hapo hapo Ngorongoro, usiku kwa usiku, akabainisha kwamba ni wawindaji hodari wanaojipatia sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na kwamba kretani aghalabu simba ndiye aliyefika baadaye akawanyang'anya fisi windo lao. Fauka ya hayo, wao huishi katika koo zenye mipaka inayolindwa, na majike ndio wakubwa wa mwili na wa amri. Mtoto akijifunza hili tu kwa siku nzima, amejifunza pia kwamba sifa ya kiumbe haithibiti mpaka ichunguzwe.

Kati ya uwanda liko ziwa Magadi. Maji huingia humo wala hayana pa kutokea. Jua huyavuta juu, chumvi ikabaki chini, mwaka baada ya mwaka, hata samaki na mimea mingi hawawezi kustahimili. Lakini kuna viumbe vidogo vya kijani, vinavyofanana na mwani, vinavyonawiri katika maji makali kama hayo, na hivyo ndivyo vinavyowavuta heroe, ambao huinamisha vichwa, wakayachuja maji kwa midomo yao, na kuipata rangi yao ya waridi kutokana na chakula hicho. Ziwa likipungua huruka kwenda maziwa mengine, na wakati wa kuzaa wengi wao huliendea ziwa Natron. Ndani ya kreta hiyo hiyo, huko Ngoitokitok, chemchemi ya maji matamu imefanya makao ya viboko. Hapo familia huruhusiwa kushuka na kupumzika, ila chakula ni afadhali kiliwe ndani ya gari, kwani mwewe wa mahali hapo ni mahiri wa kupokonya mkate mkononi mwa mtoto.

Kutokuwapo nako kuna maana. Watoto watamtafuta twiga wasimwone, wala swala pala, ijapokuwa nje ya kreta wapo. Kuta zile ni kali mno kwa miguu ya twiga, na uwanda wenyewe hauna miti ya kutosha ya kumlisha. Tembo wataonekana, hususan karibu na migunga ya Lerai, lakini wengi wao ni madume wazee wenye pembe kubwa; majike na watoto wao hukaa zaidi katika misitu ya ukingoni.

Ukuta huo huo unaohifadhi waweza pia kudhuru. Mwaka 1962, baada ya mvua kupita kiasi, walizuka nzi wafyonzao damu kwa wingi usio na kifani, wakawadhoofisha simba hata wengi wakafa, wakasalia kama 10. Simba wageni ni wachache walioingia baada ya hapo, na kizazi kilichofuata kikaoana jamaa kwa jamaa. Wataalamu waliochunguza damu yao wakakuta uhaba mkubwa wa tofauti za nasaba, jambo linalopunguza nguvu ya uzazi na ya kupambana na maradhi. Na faru weusi, waliohesabiwa zaidi ya 100 katikati ya miaka ya 1960, walichinjwa na majangili hadi wakabaki wachache mno, kwa ajili ya pembe ambayo asili yake ni ile ile ya kucha zetu. Waliopo leo wapo kwa sababu askari wanakesha.

Basi mgeni naye ana wajibu. Asiteremke garini isipokuwa panaporuhusiwa, asipige kelele, asiwatupie wanyama chakula, asimsihi dereva aache njia ili kumsogelea faru, wala asiache nyuma yake hata ganda la pipi.

Nchi hii ilitengwa na Serengeti mwaka 1959, kwa nia ya kuwahifadhi wanyama pamoja na wafugaji waishio humo, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Kabla ya kuwa urithi wa dunia ni amana yetu, na kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kimewekwa kuwa nafuu kuliko cha wageni ili tuifikie. Wazazi wenye uwezo wawapeleke watoto wao, na kila wasimamapo mbele ya mnyama wawaulize kwa nini yuko hapo, anaishi kwa kutegemea nini, na nani anamtegemea. Kwa maana atakayeilinda kesho ni yule aliyeielewa leo.