Je, Wajua? Swichi Mkononi mwa Mtoto Humsaidia Kuwa Makini

Je, wajua kwamba vyumba vya kutuliza hisi vilianza kuenea kutoka Uholanzi miaka ya 1970, kwa kazi ya Jan Hulsegge na Ad Verheul? Waliwalenga watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, wakitumia mwanga laini, muziki wa chini na vitu vya kugusa. Tangu hapo wengi wamedhani utulivu unatokana na wingi wa vifaa. Ushahidi unaelekeza kwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, waliwachunguza watoto 41 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 12: walipoachiwa kuendesha wenyewe taa na sauti za chumba, walikuwa makini zaidi, na tabia zao za kujirudiarudia zilipungua. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwani mlio uleule humtuliza mmoja na kumtesa mwingine.

Wapo watakaosema chumba cha namna hiyo humdekeza mtoto, maana dunia haizimwi kelele zake. Lakini mtoto aliyezidiwa na kelele hajifunzi uvumilivu. Wakati huo hajifunzi chochote. Wengine watataja gharama, na hoja yao ni nzito: shule nyingi hazina hata madawati ya kutosha. Hata hivyo, pazia zito, mkeka, kona yenye kimya na kubadilisha taa ya tyubu inayopepesa havihitaji mfadhili. Mwalimu, kabla ya kununua chochote, muulize mtoto kinachomuudhi. Asiyeweza kusema, mtazame kwa makini.