Hemloki: Sumu Inayofanana na Karoti

Hemloki, mmea ambao wataalamu huuita Conium maculatum, ni wa jamii ya karoti. Asili yake ni Ulaya, Asia ya Magharibi na Afrika Kaskazini. Baadaye ulipelekwa Marekani kuwa pambo la bustani, ukasambaa kandokando ya barabara na mitaro. Maua yake meupe hujipanga mfano wa mwavuli, na majani yake hufanana na ya karoti mwitu. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani wachumaji wa mboga za porini huweza kuudhania chakula.

Hata hivyo, zipo alama za kuutambua. Shina la karoti mwitu lina vinyweleo. La hemloki halina, nalo lina madoa ya zambarau. Majani yake yakipondwa hutoa harufu mbaya, kama ya panya.

Sehemu zote za mmea huu zina sumu, ikiwemo koniini, ambayo hukata mawasiliano baina ya neva na misuli. Miguu hulegea, kisha udhaifu hupanda hadi misuli ya kupumua, ilhali akili ya mgonjwa huweza kubaki timamu. Ndivyo kinavyosimuliwa kifo cha Socrates, mjini Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo.

Hakuna dawa maalumu ya kuizima sumu hiyo. Kinachookoa maisha ni kufikishwa hospitali mapema na kusaidiwa kupumua kwa mashine hadi mwili uitoe. Kwa hiyo mhudumu asimkatie tamaa mgonjwa asiyejongea, wala asitamke mbele yake neno la kumvunja moyo: huenda anasikia yote. Na asiyekuwa na hakika na mmea, asiule.