Koseti ya Picha: Kiuno Kipendeze, Pumzi Isikatike

Kufunga kiuno si jambo geni kwetu. Mzazi wa pwani hufungwa mkaja tumboni baada ya kujifungua, na katika kaya nyingi za bara kanga hufanya kazi hiyohiyo. Jipya ni koseti, vazi lenye mbavu za chuma au plastiki linalokazwa kwa kamba mgongoni. Huvaliwa na wanawake wanaopiga picha za faragha: bibi harusi mtarajiwa, mke anayemwandalia mumewe zawadi, au mama anayetaka kuutazama upya mwili wake baada ya uzazi.

Matamanio hayo si ya kuchekwa. Hata hivyo, ni vema kujua vazi hili linafanya nini mwilini. Mwaka 1908 daktari Mfaransa, Ludovic O'Followell, alichapisha picha za eksirei zilizoonyesha mbavu za chini za wanawake zikiwa zimesukumwa ndani na koseti. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hukosa nafasi ya kushuka, hivyo pumzi huwa fupi. Tumbo la chakula hubanwa na kuleta kiungulia, na uzito husukumwa chini kwenye sakafu ya nyonga.

Uchaguzi mzuri huanza na futi kamba. Pima chini ya matiti, kiunoni na kwenye nyonga. Kisha keti, upime kutoka chini ya titi hadi pajani, ili koseti isikuchome unapokaa. Anayeanza asipunguze kiuno kwa zaidi ya inchi 2 hadi 3. Ukifungwa, tazama pengo la mgongoni: likiwa sawa juu hadi chini, koseti imekukaa. Likiwa pana juu, mbavu zinahitaji nafasi zaidi. Likiwa pana chini, ni nyonga zinazobanwa.

Iwe umeinunua dukani Majengo au umeichambua katika mitumba ya Sabasaba, ijaribu kabla ya siku ya picha. Keti, inua mikono, vuta pumzi ndefu, sema sentensi nzima bila kukatika. Vaa fulana nyepesi ya pamba ndani, hasa Oktoba na Novemba, joto la Dodoma linapopanda. Kaza polepole, na uivae kwa muda wa picha tu. Mwili ukigeuzwa kidogo na mwanga ukitoka upande mmoja, kiuno huonekana chembamba bila kamba kuongezwa nguvu. Kizunguzungu, maumivu au ganzi ya paja ni amri ya kulegeza mara moja. Na kabla ya picha ya kwanza, kubaliana na mpiga picha kwa maandishi nani atazihifadhi na nani ataziona.

Anayehitaji uangalifu zaidi ni mama aliyejifungua karibuni. Chukulia aliyefanyiwa upasuaji wiki 4 zilizopita, naye anataka picha kabla mumewe hajasafiri. Mfuko wake wa uzazi bado unarejea katika ukubwa wake, na mshono wa ndani haujaimarika. Mkanda laini wa tumbo anaopewa hospitalini humsaidia kutembea bila maumivu makali; koseti si mkanda huo. Na asubiri walau hudhurio la siku ya 42, achunguzwe mshono na sakafu ya nyonga. Ikiwa safari haisubiri, kanga iliyofungwa vizuri na mwanga mzuri vitampa picha ya kupendeza. Mjamzito, mwenye ngiri, mwenye kizazi kilichoshuka, au mgonjwa wa moyo au mapafu asiivae bila ushauri wa daktari.

Tusidanganyane pia: koseti haichomi mafuta wala haiunganishi misuli ya tumbo iliyoachana. Inachofanya ni kusogeza nyama laini, nayo hurudi mahali pake kamba zikifunguliwa.

Kwa wahudumu wenzangu, swali hili mara nyingi huja mwishoni, mama akiwa amekwisha shika kitasa cha mlango. Tukilijibu kwa kejeli, atakwenda kumsikiliza muuzaji. Tumkaribishe akae tena, tumuulize alijifungua lini na kwa njia gani, kisha tumshauri. Picha ataitazama kwa miaka mingi. Na aitazame akiwa na afya njema.