Bibi Akienda Kanada Kulea Mjukuu: Tarehe Nne za Kuangalia Kabla ya Kuja Nyumbani

Akina mama wapendwa, hapa Chamazi si ajabu siku hizi kubisha hodi kwa mwenzetu na kuambiwa, "Mama hayupo, yuko Kanada kwa binti yake." Amestaafu, bado ana nguvu, na binti amejifungua. Nani atamlea mtoto kama si bibi?

Sisi wauguzi tunaojitolea katika huduma za kanisa huulizwa swali moja mara nyingi. Mama yuko huko, na nyumbani kuna harusi ya mwanawe, au kuna msiba. Viza yake inakaribia kwisha. Je, aje? Na akija, ataweza kurudi?

Viza ya wazazi

Kanada ilianzisha mwezi Desemba 2011 viza maalumu ya wazazi, babu na bibi wa raia au wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Inaitwa Super Visa. Inaweza kudumu hadi miaka 10, na mwenye nayo huingia na kutoka mara nyingi. Tangu Julai 2022, mzazi anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Zamani ilikuwa miaka 2.

Mtoto hutoa barua ya mwaliko na kuonyesha kwamba kipato chake kinatosha. Mzazi hupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa, na lazima awe na bima ya afya ya angalau mwaka mmoja, isiyopungua dola 100,000 za Kanada.

Tarehe nne zisizofanana

Ya kwanza ni ya pasipoti. Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018 na hudumu miaka 10. Aliyepata yake mwaka 2018, itakwisha 2028, na viza haiwezi kupita tarehe hiyo. Kwa hiyo ni busara kufika Uhamiaji kupata pasipoti mpya kwanza, kisha kuomba viza. Kama viza ingali hai ndani ya pasipoti ya zamani, usiitupe. Safiri na zote mbili.

Ya pili ni ya viza. Hii ni ruhusa ya kufika mlangoni. Inaonyesha mwisho wa siku unazoweza kuitumia kuingia, wala haisemi utakaa mpaka lini.

Ya tatu ni ya ruhusa ya kukaa, ambayo hutolewa na afisa wa uhamiaji unapoingia. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Tuseme viza ya mama inakwisha Machi 2027, lakini alipoingia aliruhusiwa kukaa mpaka 2030. Akibaki huko hana kosa, hata baada ya Machi 2027. Lakini akitoka Aprili 2027 kuja harusini, hawezi kurudi kwa viza ile. Ataomba nyingine.

Ya nne ni ya bima. Iangalie kabla ya kukata tiketi, na usome kama inaendelea mama akitoka nchini na kurudi.

Kama anataka kuongeza muda

Mzazi mwenye viza hii anaweza kuomba kuongezewa hadi miaka 2 akiwa hukohuko. Aombe angalau siku 30 kabla muda haujaisha. Akiwahi kuomba, anaruhusiwa kubaki akisubiri jibu. Lakini akisafiri kabla ya jibu, ruhusa hiyo ya kusubiri inakoma. Tena, hata akijibiwa vema, karatasi ya kuongezewa muda si viza. Haimrudishi Kanada akishatoka.

Muda ukimpita bila kuomba, ana siku 90 za kuomba arudishiwe hadhi yake, tena kwa malipo. Asinyamaze kwa hofu.

Uamuzi wa familia

Kama viza ina miezi kadhaa, mama aje na arudi kabla haijaisha. Kama zimebaki wiki chache, familia ikae na kusema ukweli: huenda bibi akasubiri Dar es Salaam kwa muda usiojulikana, na viza mpya si haki ya mtu. Binti ajue ni nani atamlea mtoto wakati huo. Tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika. Alama za vidole alizotoa hudumu miaka 10, hivyo huenda asitakiwe kuzitoa tena, ila bima na vipimo vya afya vitaangaliwa upya.

Msiba haungoji viza. Mama akiamua kuja kumzika ndugu yake, asilaumiwe na watoto. Na akishindwa kuja, nasi huku tusimseme vibaya. Mara nyingi hatujui anachobeba moyoni.

Afya na pensheni

Mwenye shinikizo la damu au kisukari amweleze mwenye bima ukweli wote, kwa maana ugonjwa uliofichwa unaweza kumnyima malipo siku ya kulazwa. Dawa zisafiri katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Ndani ya ndege anyooshe miguu, ainuke na kutembea mara kwa mara, ili damu isigande miguuni.

Wastaafu wa PSSSF wakumbuke pia uhakiki. Mama aulize kabla ya kuondoka atahakikiwaje akiwa mbali, ili pensheni isisimame.

Mama mpendwa, leo hii chukua karatasi, andika hizo tarehe nne, na umpe nakala mume wako au mtoto aliyebaki nyumbani. Siku simu ya ghafla itakapolia usiku, hamtaanza kutafuta pasipoti sandukuni. Mtajua la kufanya.