Mkalimani wa Mama Asiwe Mwanawe

Binti anapoolewa na kumfuata mumewe Uingereza, sisi wa nyumbani humfungia mengi: khanga, viungo vya pilau, msahafu, na wasia usiokwisha. Ni nadra katika wasia huo kusikia neno juu ya daktari. Husemwa tu kwamba kule matibabu ni bure, mazungumzo yakaishia hapo.

Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Huduma ya afya ya taifa, NHS, iliyoanzishwa mwaka 1948, haianzii hospitali kubwa. Huanzia katika zahanati ya mtaa, kwa daktari anayeitwa GP, na kwa kawaida yeye ndiye humpeleka mgonjwa kwa bingwa. Basi mgeni ajiandikishe kwake angali mzima, asingoje homa. Huko England kila mkazi anaruhusiwa kujiandikisha, na zahanati haipaswi kumkataa kwa sababu tu hana kitambulisho au uthibitisho wa anwani. Jambo hili ni zito kwa mke mgeni, kwani mara nyingi mkataba wa nyumba na bili zote huwa kwa jina la mume. Karani wa mapokezi akizidai karatasi hizo, asirudi nyumbani kimya. Zahanati ikimkataa, inapaswa kumpa sababu kwa maandishi.

Wala asione haya kana kwamba anaomba sadaka. Aombaye viza ya ndoa akiwa nje ya Uingereza hutozwa pia ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Amekwisha lipa.

Linalotushughulisha zaidi ni lugha. Watoto huingia shule, na baada ya muda mfupi Kiingereza chao humpita mama. Hapo, bila mtu kukusudia, mtoto wa miaka kumi hugeuka mkalimani. Huketi kati ya mama na daktari, akatakiwa kufasiri maswali ya hedhi, ya mimba iliyoharibika, ya uvimbe katika titi. Mama huficha nusu ya maelezo kwa haya, na mtoto huacha nyingine kwa kutojua neno. Daktari naye hutibu kile kidogo alichoambiwa. Sisi tunaojifunza adabu ya sitara tangu utotoni tungepaswa kuwa wa kwanza kulikataa jambo hili.

Na hakuna kinacholazimisha. Mgonjwa ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Aombe siku anapopanga miadi. Aombe pia awe mwanamke, na vilevile daktari wa kike, ingawa huyo huenda asipatikane kila siku. Akipimwa sehemu za siri anaweza kuomba awepo mtu wa tatu. Miongozo ya NHS yenyewe haitaki mtoto aliye chini ya miaka 16 atumiwe kufasiri, isipokuwa katika dharura. Hata mume mwema asijitwike kazi hiyo, kwa sababu yako maswali ambayo mkunga humuuliza mjamzito akiwa peke yake, na hufanya hivyo kwa usalama wake.

Tusisahau barua za shule. Kila mwaka wanafunzi hupewa chanjo ya mafua ya kupulizwa puani, na chanjo hiyo ina jelatini ya nguruwe. Mzazi asiyeiridhia anaweza kuomba ya sindano isiyo na jelatini hiyo, maadamu aisome fomu kabla ya kutia saini.

Nambari mbili zibandikwe jikoni: 999 kwa hatari ya maisha, na 111 kwa ugonjwa usiokuwa wa dharura lakini usioweza kungoja. Anayepiga 111 ataje tu lugha yake, atafutiwe mkalimani.