Behewa lako linang'aa mno: Jinsi ya kulizeesha hadi lifanane na la reli

Umelimaliza behewa lako. Umekata plastiki au kadibodi, ukagundisha, ukapaka rangi, na magurudumu yanazunguka fiti. Unaliweka mezani, unalipiga picha kwa simu, kisha unaitazama picha na moyo unashuka. Linafanana na kipande cha sabuni.

Mikono yako haina shida. Shida ni kwamba behewa la mizigo lililofanya kazi hata mwaka mmoja kati ya Mombasa na Kisumu haling'ai hivyo. Kwa hiyo sasa itabidi ufanye jambo litakalomfanya nyanya yako akuulize kama akili yako iko sawa: ulichukue hilo behewa jipya, ulilokesha usiku kucha kulitengeneza, ulichafue makusudi.

Najua wewe wa Migori au Homa Bay utauliza, reli tumeiona wapi sisi? Swali la haki. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na kugonga ziwa pale Kisumu mwaka 1901. Nyanza Kusini haikupata hata pau moja ya chuma. Lakini meli zilizotia nanga Homa Bay na Kendu Bay zilikuwa za shirika la reli. Pamba iliyochambuliwa huko ilipakiwa gatini, ikavuka Ghuba ya Winam hadi Kisumu, na hapo ndipo ilipoingia behewani kuelekea pwani. MV Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960, ilienda mbali zaidi: ina reli ndani yake, na mabehewa yanaingizwa melini mazima mazima kuvushwa ziwa. Ukiuliza vizuri nyumbani, huenda kuna babu aliyebeba magunia kwenye mojawapo ya magati hayo. Muulize mapema.

Nasema mapema kwa sababu mabehewa hayo ya reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, yanaisha. Tangu SGR ianze safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, shehena nyingi ilihamia huko. Vyuma vya reli navyo vimekuwa windo la wezi wa chuma chakavu. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Behewa likishakatwa na kuyeyushwa, kinachobaki ni picha chache na hicho kidude ulichoshika mkononi. Ukikiacha king'ae, umehifadhi vipimo vyake tu. Miaka yake ya kazi umeitupa.

Basi tuchafue. Lakini tusichafue ovyo. Wengi wanaoanza huchukua rangi ya kahawia na kurashia kila mahali, halafu wanashangaa kwa nini behewa linaonekana limetumbukia matopeni. Kila doa lina sababu. Maji hushuka chini, kwa hiyo michirizi ya kutu huanzia juu, kwenye ukingo wa paa au kwenye ribiti, ikififia kadiri inavyoteremka. Vumbi la breki hurukia chini, kwenye magurudumu na fremu. Mahali mikono hushika na buti hukanyaga pamesuguliwa hadi chuma kikaonekana. Tangi la mafuta huwa na weusi uliotiririka kutoka kwenye mfuniko wa juu. Behewa la magadi kutoka Ziwa Magadi litabaki na unga mweupe. Kabla hujagusa brashi, jiulize: behewa hili lilibeba nini, na lilisimama wapi mvua ilipolinyeshea?

Huna reli ya kwenda kuchungulia, lakini darasa unalo. Nenda Awendo uyatazame matrela ya miwa yanayoelekea kiwanda cha Sony. Angalia jinsi rangi ilivyokwanguka pale minyororo inapogusa, na jinsi kutu mpya ilivyo ya machungwa ilhali ile ya zamani imekuwa kahawia nzito, karibu nyeusi. Nenda ufuoni Homa Bay utazame mabati ya vibanda vya zamani. Kutu haianzi katikati ya bati. Inaanzia kwenye tundu la msumari na pale mabati mawili yanapolaliana, ambapo maji hukaa. Simama kando ya barabara ya Migori kwenda Isebania utazame malori ya masafa: vumbi limekaa wapi, mvua imeosha wapi. Piga picha nyingi. Picha ya kutu halisi ina faida kuliko video kumi za mtandaoni za wazungu wakizeesha mabehewa ya Marekani, maana jua letu na udongo wetu si wao. Vumbi la Migori lina wekundu. Ule udongo mweusi wa kunata wa upande wa Kendu Bay ukikauka hutoa vumbi la kijivu. Mtu wa huko akiona rangi isiyo yake atajua tu.

Jambo moja la hesabu kabla hatujaanza. Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani huitwa HO, yaani kitu kimepunguzwa mara 87. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 14 hivi, na mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita 2. Sasa fikiria: doa la kutu lenye upana wa kiganja chako linakuwa milimita 1 tu. Ukiweka tone kubwa la rangi, kwa macho ya yule mtu wa sentimita 2 umetoboa ukuta mzima. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa ncha ya brashi, na kijiti cha meno wakati mwingine.

Anza kwa kupausha. Chukua rangi ile ile ya behewa, changanya na nyeupe au krimu kidogo, ipunguze kwa maji, upake tabaka jepesi. Paa lipaushwe zaidi kwa sababu ndilo linalochapwa na jua la ikweta mchana kutwa. Likikauka, tengeneza maji machafu: sehemu moja ya rangi ya kahawia iliyokoza na sehemu kama kumi za maji, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili yatambae vizuri. Yapitishe kwenye mikunjo na mistari ya milango, kisha futa uso kwa kitambaa ukivuta kutoka juu kwenda chini. Usifute kwa mlalo. Mvua hainyeshi kwa mlalo, isipokuwa ile ya ziwani.

Sasa kutu, na hapa usiwe na haraka. Njia ninayoipenda ni ya chumvi, maana haihitaji doo nyingi. Paka sehemu unayotaka iliwe na kutu kwa rangi ya kahawia yenye wekundu. Ikishakauka kabisa, ilowanishe kidogo, nyunyiza punje za chumvi ya mawe, uache zikauke na kushika. Pulizia juu yake rangi ya behewa kwa wepesi. Ikikauka, sugua chumvi kwa kidole au mswaki mkuukuu. Punje zinang'oka na rangi ya juu, na chini yake kutu inachungulia kwa maumbo ambayo mkono wako usingeweza kuyachora. Kisha chukua kipande kidogo cha sponji, chovya kwenye rangi ya kutu, kifute kwenye karatasi hadi kikaribie kukauka, uguse guse kingo. Malizia kwa kuvuta michirizi myembamba chini ya kila doa.

Kuna kutu ya bure pia: ile ya kweli. Kwangua msumari mzee au kipande cha bati lisilo na rangi, chuja unga wake kwa soksi laini ya nailoni. Vumbi la makaa linakupa masizi, na chaki ya shule iliyosagwa inakupa vumbi la saruji. Udongo wa mtaani kwenu, ukikaushwa na kuchujwa vivyo hivyo, ndio vumbi bora kuliko lolote la dukani. Kwanza pulizia vanishi isiyong'aa ili unga upate pa kushika, ndipo uupake kwa brashi laini. Ukipulizia tena juu yake, nusu ya unga itaonekana kupotea, kwa hiyo zidisha kidogo tangu mwanzo.

Na tafadhali, vaa barakoa. Unga huu na rangi ya kupulizia haviendi popote ila mapafuni. Fanyia kazi nje au dirishani, na usikwangue rangi za zamani kwa sababu nyingine zina madini ya risasi.

Ukitaka behewa lako lizungumze zaidi, cheza na herufi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948. Jumuiya ilivunjika 1977, Kenya ikaunda shirika lake la reli 1978, na kuanzia 2006 hadi 2017 kampuni ya Rift Valley Railways ndiyo iliyoendesha mizigo. Behewa moja lingeweza kupitia mikono yote hiyo. Andika herufi za mwenye kwanza, zifunike kwa rangi nyepesi, andika za pili juu yake, kisha sugua taratibu hadi zile za chini zianze kujitokeza kama kovu.

Wenye mashaka waambie kuhusu John Allen wa California, mmoja wa watu wa mwanzo kuchafua treni zao ndogo wakati wenzake wakizing'arisha. Jamaa huyo aliwahi hata kutumia mnyama wa zama za dinosaria kama injini ya kusukuma mabehewa stesheni, na bado wapenzi wa treni duniani kote humtaja, miaka zaidi ya 50 tangu afariki mwaka 1973.

Ukianza kuuza, na wapo watakaonunua, usimwambie mteja kuwa umelitoa ghalani kwa mkoloni. Ligeuze behewa, uandike chini ya fremu kwa kalamu nyembamba jina lako, mwaka na mahali ulipotoa udongo. Halafu safisha magurudumu kwa spiriti. Unga ukibaki pale litang'ang'ania reli, na kazi yote hiyo itaishia kuanguka kwenye kona ya kwanza.