Ufundi wa Kufundisha Mtandaoni

Kufundisha mtandaoni ni kazi yenye ufundi wake. Mwalimu anayesifika darasani huweza kuwachosha wanafunzi walewale akizungumza nao kupitia simu au kompyuta, kwa kuwa hasikii minong'ono yao wala hawezi kupita kati ya madawati kukagua madaftari. Hayo yalidhihirika Machi 2020, Kenya na Tanzania zilipofunga shule kwa sababu ya Uviko-19, na walimu wengi wakalazimika kufundisha kwa mbali bila maandalizi. Elimu ya masafa haikuwa jambo geni, kwani Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kilichokosekana kwa wengi ni mbinu.

Mwaka 2000, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, wataalamu wa elimu nchini Kanada, walitaja nguzo tatu za somo la mtandaoni: wanafunzi wafikiri kwa kina, wajuane na kushirikiana, na mwalimu aonekane akiliongoza somo. Mbinu zinazofuata zinaweza kujengwa juu ya nguzo hizo.

Kazi huanza kwenye andalio la somo. Mwalimu huamua kwanza mwanafunzi ataweza kufanya nini mwisho wa kipindi, kisha huchagua shughuli zitakazomfikisha hapo. Maelezo ambayo mwanafunzi anaweza kuyasoma au kuyasikiliza peke yake hutumwa mapema. Muda wa kukutana mubashara hubaki kwa maswali, mazoezi na mjadala.

Video inayorekodiwa iwe fupi. Mwaka 2014, mtafiti Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa takriban mara milioni 6.9 ambazo video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilitazamwa. Walibaini kwamba kwa kawaida watazamaji hawakuendelea kwa zaidi ya dakika 6, hata video ilipokuwa ndefu. Pia waliona kwamba mwalimu anayechora na kuandika huku akieleza huwavutia wanafunzi kuliko anayesoma slaidi tupu. Mada ya dakika 40, basi, igawanywe vipande, na kila kipande kibebe wazo moja na kufuatiwa na swali.

Katika kipindi cha mubashara, ukimya humtia mwalimu wasiwasi, naye hujikuta akijijibu mwenyewe. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Mtandaoni subira hiyo huhitajika zaidi, kwa sababu sauti huchelewa na mwanafunzi hana budi kufungua maikrofoni au kuandika. Vikundi vya watu watatu au wanne humsaidia mwenye haya, nako kumwita kila mtu kwa jina lake humwonyesha kwamba anatambuliwa.

Kupima uelewa kusingoje mtihani wa mwisho. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejipima kwa kukumbuka alichosoma hukihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko anayekisoma tena na tena. Maswali mawili au matatu mwanzoni mwa kila kipindi yanatosha. Mrejesho utolewe mapema, ukitaja kilichofanywa vizuri, kilichokosewa na namna ya kukirekebisha.

Hali za wanafunzi nazo zizingatiwe. Wengi hutumia simu ya mkononi na bando linalokwisha haraka, na wengine huazima simu ya mzazi jioni. Asiyeweza kufungua kamera asihesabiwe mtoro. Ujumbe wa sauti na picha ya ubao vinavyotumwa kwenye kundi la WhatsApp hutumia data kidogo kuliko video, na kipindi kilichorekodiwa humfaa aliyekatikiwa na umeme. Kwa upande wa mwalimu, sauti safi ni muhimu kuliko picha nzuri. Chumba tulivu na maikrofoni ya kawaida hutosha.

Mwalimu anayeanza na achague mada moja, aifundishe kwa mbinu hizi, kisha awaulize wanafunzi walichoelewa na kilichowatatiza. Majibu yao ndiyo yatakayomwelekeza jinsi ya kuandaa kipindi kinachofuata.